Kufua umeme: bega ni la nani?

Juzi tena nimemsikia mtu akilisifia gari lake la kulala, Hiace aliyoing'oa viti akaweka kitanda na jiko la gesi. Anasema feni aliyoifunga juu ya paa "inajizalishia umeme bure gari likitembea". Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, acha leo niiseme.

Kufua umeme ni kugeuza mwendo kuwa umeme. Upepo unasukuma mapanga, mapanga yanazungusha mota, mota ikizungushwa inatoa umeme unaochaji betri ya volti 12. Basi.

Neno lenyewe ndilo lenye mengi. Mhunzi hufua chuma juu ya fuawe, sonara hufua dhahabu, dobi hufua nguo. Pwani tunafua na nazi: kifuo kimesimikwa ardhini, ncha juu, unaikita nazi, unaikandamiza na kuipindua mpaka makumbi yaachie. Kifuo peke yake hakifui kitu, bega lako ndilo linalofua. Kila penye kufua pana anayetoka jasho. Kuzalisha kuna picha nyingine, ya kitu kuzaliwa, na jenereta ni hivyo hivyo, maana asili yake ni neno la Kilatini la kuzaa. Sina ugomvi na "kuzalisha umeme", ni Kiswahili safi na redioni husemwa kila siku. Ugomvi wangu ni kulisahau bega.

Gari likiwa limepaki, bega ni la upepo. William Kamkwamba, kijana wa Malawi, mwaka 2002, alikata mapanga kwenye bomba la plastiki, akayaunga na baiskeli na dinamo, akayapandisha juu ya mnara wa miti. Mnara ulisimama pale pale, upepo ukaja wenyewe. Gari likiwa barabarani, ule "upepo" unaokupiga usoni dirishani ni hewa iliyotulia, gari ndilo linaloichana. Hapo bega ni la injini. Mjerumani Albert Betz alishaonyesha, zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwamba mapanga hayawezi kunasa zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo. Hata mapanga yako yakifika kikomo hicho, kwa kila wati 2 unazopata injini inasukuma wati 3 za ziada, nazo zinatoka kwenye tangi.

Jioni moja nilikaa kando ya gari la jamaa. Upepo hakuna, majani ya mwarobaini yametulia tuli, lakini mapanga yanazunguka taratibu na mwenyewe anatabasamu. Hakuweka dayodi, kile kifaa kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, kati ya mota na betri. Betri ndiyo iliyokuwa ikiizungusha mota, umeme unatoka badala ya kuingia.

Kwa hiyo ndugu yangu, mlingoti wa feni usimamishe ukishapaki, mbali na miti, juu kadiri unavyoweza, maana kasi ya upepo ikiongezeka mara 2, nguvu yake huwa mara 8. Asubuhi kabla ya kuondoka ushushe, uufunge vizuri. Njiani iachie altaneta ya gari, ile jenereta inayozungushwa na injini, ichaji betri ya pili. Nayo inafua umeme, kwa dizeli yako, na ukiulizwa sema hivyo hivyo.