Je, wajua kwa nini vyuo vya biashara hutaka insha ilhali alama zako wanazo?

Mtu ana digrii, ana wadhamini wawili wa kumwandikia barua, ana alama nzuri za GMAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vya biashara ambao umekuwepo tangu miaka ya 1950. Bado chuo kinamwambia akae chini aandike insha. Ya nini tena?

Jibu liko darasani. Pale Harvard Business School, chuo cha biashara cha Marekani kilichoanzishwa 1908, mhadhiri hasomi notsi. Wanafunzi wapatao 90 husoma usiku kisa cha kampuni iliyokwama, kesho yake wanabishana: ungekuwa wewe meneja, ungefanyaje? Kuchangia hoja huweza kubeba hadi nusu ya alama za somo. Kwa hiyo kila anayedahiliwa anakwenda kuwafundisha wenzake pia. GMAT itasema kama hesabu zinampanda. Kama akinyoosha mkono atakuwa na la kusema, hiyo GMAT haijui.

Ndiyo maana maswali yao huonekana mepesi, kumbe yanakutoa jasho. Chuo cha biashara cha Stanford wameuliza kwa miaka mingi: ni jambo gani lina uzito kuliko yote kwako, na kwa nini? Wengi humalizia nguvu kwenye “jambo gani”, wakataja familia, elimu, kijiji. Kinachosomwa ni “kwa nini”. MIT Sloan, chuo cha biashara cha MIT, wao hutaka barua ya maombi isiyozidi maneno 300. Harvard nao mwaka 2024 waliacha insha moja ndefu, wakaweka tatu: moja ya maneno 300, mbili za 250 kila moja. Ndani ya maneno 250 huwezi kuzunguka mbuyu.

Kwa mwombaji wa kwetu, naona kinachomkwamisha zaidi ya Kiingereza ni mazoea ya barua rasmi. Tumelelewa na “husika na kichwa cha habari hapo juu”, na mtu akisema “nilifanya mimi” anaonekana mwenye majivuno. Basi anajificha ndani ya timu.

Chukulia msimamizi wa mawakala wa pesa za simu Mbagala. Rasimu yake ya kwanza inasema: “Nilishirikiana na timu kuboresha utendaji wa mawakala wa kanda yetu.” Msomaji hana cha kushika. Ya pili: “Mishahara ikiingia, mawakala wangu walikuwa wanaishiwa keshi kabla ya saa sita mchana, wateja wanaambiwa wajaribu duka la mbele. Nilitaka tuwaunganishe na wenye maduka ya jumla, wao keshi wanayo tele. Bosi alikataa, aliogopa watatapeliana. Nikamwomba nianze na mawakala watano tu, ambao daftari zao nilikuwa nazikagua kila wiki.”

Hajajisifu popote, lakini tumeshaona anavyofikiri na alivyopunguza hatari bila kumvunjia bosi heshima. Ukiniuliza mimi, sentensi yenye thamani kuliko zote hapo ni ile ya bosi kukataa. Na ndiyo ambayo watu huifuta kwanza, wakidhani inawachafua.

Malengo ya baadaye yaandike kwa kifupi, ila yaungane na ulikotoka. Aliyefanya kazi na mawakala akisema anataka kujenga huduma ya mikopo kwa wenye maduka, anaeleweka. Akiruka ghafla hadi benki za uwekezaji za New York, itabidi aeleze daraja liko wapi. Mpe pia mdhamini wako muhtasari wa uliyoyaandika, asije akasimulia mtu mwingine kabisa.

Kuhusu kumlipa mtu akuandikie, tazama hatua inayofuata. Harvard, anayekusaili ni mtu wa bodi ya udahili ambaye ameshasoma maombi yako yote, na mna dakika 30. Anaweza kukuuliza wale mawakala watano uliwachaguaje, na yupi uliyemwacha nje, kwa sababu gani.