Mchezo wa Mtu Mmoja, Akaunti ya Lazima: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika vibanda vya gemu vya Ngamiani, jijini Tanga, wengi huamini kwamba mchezo wa kompyuta unaochezwa na mtu mmoja ukidai akaunti ya mtandaoni, basi bila shaka ipo sababu ya kiufundi. Mara nyingi haipo. SimCity, mchezo wa kujenga miji, ilipotoka Machi 2013 ililazimu intaneti muda wote, na watengenezaji walisema sehemu ya hesabu zake hufanywa na seva, yaani kompyuta za kampuni zilizo mtandaoni. Seva zikazidiwa, walionunua wakakwama, na mwaka uliofuata likatolewa sasisho lililowawezesha kucheza bila mtandao.

Husemwa pia kwamba sharti hilo huwabana wezi wa programu. Mwaka 2010 kampuni ya Ubisoft iliuza mchezo wa Assassin's Creed II kwa sharti la kuunganishwa mfululizo, lakini seva zake ziliposhambuliwa, waliofungiwa nje ni wateja waliolipa. Kwetu hapahitajiki hata shambulio, maana bando likiisha tu yametimia.

Dhana inayotuumiza zaidi ni kwamba akaunti ni ya bure na kila mtu anaweza kuifungua. God of War Ragnarök, mchezo wa mtu mmoja usio na sehemu ya kucheza na wengine mtandaoni, ulipofika kwenye kompyuta Septemba 2024 ulidai akaunti ya PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony ambayo orodha yake ya nchi haikuwa na Tanzania wala sehemu kubwa ya Afrika. Anayejisajili kwa kudai anaishi nchi nyingine huwa amekiuka masharti aliyoyakubali, na akaunti yake ikifungwa hana pa kudai haki. Januari 2025 Sony ilitangaza kuwa kwa baadhi ya michezo yake, huu ukiwamo, akaunti itakuwa hiari. Kama injini, yaani programu inayouendesha mchezo, ingekuwa haiwaki bila akaunti, tangazo peke yake lisingeiwasha. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa kibiashara tangu mwanzo.

Kuhusu usalama wa taarifa unazotoa unapojisajili, inatosha kukumbuka kwamba mwaka 2011 PlayStation Network hiyohiyo ilidukuliwa, na akaunti zipatazo milioni 77 zikaguswa.

Wapo wanaoshikilia kwamba aliyelipia mchezo ameumiliki. The Crew, mchezo wa magari wa Ubisoft ambao ungeweza kuchezwa peke yako tangu mwanzo hadi mwisho, ulizimwa pamoja na seva zake tarehe 31 Machi 2024, na tangu Januari 2025 sheria ya California inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali za namna hii wamweleze mnunuzi kwamba anapewa leseni tu.

Hata hivyo si haki kuzitia akaunti zote kapu moja: Steam, duka la michezo la mtandaoni, baada ya kuingia na kusakinisha, huruhusu michezo mingi kuchezwa bila intaneti, na duka jingine, GOG, huuza michezo ambayo faili lake la kusakinishia unaweza kulihifadhi kwenye flashi. Ukurasa wa mchezo kwenye Steam huonyesha kama akaunti ya kampuni nyingine inahitajika, na mahali pa kulisoma tangazo hilo ni kabla ya kulipa.