Mitaro ya Majaribio Shambani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Vijana waliovaa vizibao vya machungwa wakionekana shambani Mwakirunge, Mtongwe au Jomvu, hapa Mombasa, wamefunga kamba kwenye vigingi na wanachimba mitaro iliyonyooka isiyoelekea popote, uvumi hauchelewi. Kufikia alasiri barazani wameshamaliza: kuna dhahabu ya Wareno, shamba limetwaliwa na serikali, na nyumba zilizopangwa kujengwa hazijengwi tena.

Kinachofanyika pale ni kazi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kabla ya kujengwa ghala, mtaa mpya wa nyumba au barabara, wanaakiolojia hufungua sehemu chache za ardhi ili wajue kama kuna mabaki ya watu wa zamani, ni ya enzi gani, yako kina gani, na yamehifadhika au yameshavurugwa. Wakishajua hayo hufukia na kuandika ripoti. Uingereza ni jambo la kawaida katika mipango ya ujenzi tangu 1990. Huku kwetu Kenya huingia kupitia tathmini ya athari kwa mazingira, iliyowekwa na sheria ya 1999, pamoja na Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya 2006. Gharama ni ya mwenye mradi.

“Wanatafuta dhahabu.”

Mzee akipita na baiskeli yake huuliza, “Mwanangu, mwatafuta mali ya Wareno?” Binti aliyepiga magoti mtaroni akimjibu, “La, babu, twatafuta vigae,” babu hucheka, kwani vigae vimejaa shambani kwake na jembe lake hugongana navyo kila msimu.

Lakini binti hakumficha kitu. Dhahabu watu hubeba wanapohama. Chungu kilichovunjika hakibebwi, hutupwa pale pale kilipovunjikia, na udongo uliochomwa hauozi. Tena mitindo ya vyungu ilibadilika kadiri miaka ilivyopita, kwa hiyo kigae huweza kutaja enzi yake. Vyungu vyenye kingo zilizotiwa mifereji, vya aina iliyopewa jina la Kwale baada ya uchimbaji wa Robert Soper mwaka 1966, ni vya wakulima na wafua vyuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Vile vilivyochorwa pembetatu shingoni vilienea pwani nzima kuanzia karne ya 6 au ya 7 hivi. Kipande kinene cha mtungi wenye rangi ya samawati-kijani ing'aayo kinatokana na biashara ya Ghuba ya Uajemi, na cha bakuli la kijani kibichi lenye uzito wa jiwe kinatoka China. Mwanaakiolojia mzoefu akiwa na kiganja cha vipande hivyo, huweza kukupa karne kabla hata ya makaa kupelekwa maabara kupimwa umri.

Wanaotafuta mali kweli ni wengine kabisa, nao huja usiku. Makaburi ya kale ya pwani yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa ukutani. Leo mengi yana mashimo ya duara tu, mabakuli yamebanduliwa.

“Hapa hapana gofu, basi hapana kitu.”

Hii ndiyo dhana inayofanya hasara kubwa kuliko zote, na wanaoishika si wakulima peke yao. Nimeisikia kwa wahandisi na kwa watu wenye digrii za upimaji ardhi. Tumezoeshwa na magofu ya Gede na Jumba la Mtwana na ngome ya Fort Jesus kuamini kwamba historia ni ukuta wa mawe ya matumbawe.

Msafiri Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331. Katika machache aliyoyasema kuhusu mji huu ni kwamba misikiti yake ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Msikiti wa mbao leo ungekuwa wapi? Kule Shanga, kisiwani Pate, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulishuka chini ya msikiti wa mawe na kukuta misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, hadi ile ya mwanzo ya miti ya karne ya 8. Miti yenyewe haikuwepo. Yalikuwepo matundu ya nguzo.

Nguzo ikioza, tundu lake hujaa udongo wa juu, ambao ni mweusi na mlaini kuliko ule uliolizunguka. Mchimbaji hukwangua sakafu ya mtaro kwa mwiko mpaka iwe safi kabisa, kisha hutazama. Jua la saa sita huua rangi zote, kwa hiyo kazi hii hufanywa asubuhi, au sakafu hunyunyiziwa maji kidogo kwa bomba la mkono. Hapo madoa hujitokeza, duara jeusi lenye upana wa kisahani, na jingine hatua moja mbele, na jingine tena. Moja linaweza kuwa mzizi au shimo la panya. Sita yaliyopangana kwa mstari ni ukuta.

Nyumba ikiwa iliungua, bahati ni kubwa zaidi. Udongo uliokandikwa huiva kwa moto ukawa mgumu, na kwenye vipande vyake hubaki mifereji ya fito. Mama yeyote wa Mwakirunge ukimpa kipande hicho atakuambia ni cha nini, kwa sababu nyumba za namna hiyo bado zasimama hapo hapo kijijini. Mashine ya kugundua chuma haikipati, wala picha ya angani.

Kuna pia mavi ya chuma, yale madonge meusi mazito yenye vitundu, mabaki ya tanuri la kuyeyushia. Wajenzi huyachukulia kuwa mawe yaliyoungua na kuyasukuma kando pamoja na kifusi.

Na tusisahau walio wa kale zaidi. Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa upande wa kusini, timu ya watafiti wa Kijapani ilichimba na kupata zana za mawe za Zama za Mawe. Mtu anayevuka kwa feri hadi huko anashuka kwenye ardhi iliyokaliwa na watu kabla ya chungu, kabla ya chuma, kabla ya mnazi. Hakuna gofu litakalokuonyesha hilo.

“Wakikuta kitu, shamba limekwenda.”

Hofu hii naielewa. Pwani habari ya ardhi ni kidonda, na mtu akiona wageni wanapima kwa kamba ana haki ya kuuliza. Lakini sheria inatenganisha vitu viwili. Kitu cha kale kinachohamishika, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, kikiwa ardhini ni mali ya serikali. Ardhi yenyewe haibadilishi mwenyewe kwa sababu kigae kimepatikana, na hatimiliki inabaki na jina lile lile. Mahali kutangazwa kuwa turathi ni hatua nyingine, ya waziri na Gazeti la Serikali, na mashamba yenye vigae ni mengi mno kuliko yaliyowahi kufika huko.

Yanayofuata mara nyingi ni madogo. Ama hakuna cha maana na ujenzi unaendelea, ama kuna kidogo ambacho kimeshachorwa na kupigwa picha na ujenzi unaendelea. Panapokuwa na kitu kizito, sehemu hiyo huchimbwa yote kabla ya msingi, au ramani huhamishwa kidogo ili uwanja wa magari au bustani ikae juu yake na nyumba zisogee kando. Mwenye mradi anayepaswa kukosa usingizi ni yule anayeruka hatua hii, kisha siku saruji imeshaagizwa na mafundi wako kazini, fuvu likatoka kwenye shimo la nguzo.

“Wanaakiolojia huchimba kwa brashi. Hao wenye mashine ni waharibifu.”

Penye udongo wa juu uliolimwa miaka mingi, mashine ya kuchimba yenye ndoo bapa isiyo na meno huondoa tabaka hilo kidogo kidogo, huku mtu amesimama mbele akitazama kila mkwaruzo, tayari kuinua mkono. Rangi ya udongo ikibadilika, mashine husimama na mwiko huanza. Pwani yetu, ambako mwamba wa matumbawe mara nyingi uko karibu, wengi hupendelea mashimo ya mraba ya mita moja au mbili, yanayoshushwa kwa mkono sentimita 10 kwa 10, na udongo wote hupitishwa kwenye chekeche. Brashi ni ya mifupa, na ya kupigia picha.

“Vya kale vyote ni vya Waarabu au Wareno.”

Wareno walijenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596, na tangu hapo wamepewa sifa ya kila kisima na kila ukuta toka Vanga hadi Kiunga. Kinachobaki wamepewa Waarabu. Mitaro inasema mengine. Katika miji ya kale ya pwani vigae vya kigeni ni sehemu ndogo tu ya vilivyopatikana. Vilivyojaa magunia ni vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa, vya kupikia samaki na nafaka.

Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani kati ya miaka ya 1250 na 1800, wengi wao kutoka Mtwapa, jirani zetu. Walionekana wamechanganya damu ya Kiafrika, iliyotoka hasa kwa wanawake, na damu ya Asia, iliyotoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000. Damu ya Arabuni iliongezeka baadaye, baada ya 1500 hivi. Watu waliziona habari hizo, kila mmoja akachukua nusu aliyoipenda. Mimi nitasema tu kwamba mwaka 1000 vyungu vya pembetatu vilikuwa vimeshapikiwa pwani hii kwa karne tatu au nne. Mgeni alipofika alikuta jiko linawaka.

“Kilicho chini zaidi ndicho cha kale zaidi.”

Kwa kawaida ndiyo, na hapo ndipo mtego ulipo. Chukua shamba lililokaliwa enzi nyingi. Juu kuna udongo uliolimwa, wenye mifuko ya plastiki na vigae vilivyosagwa na jembe. Chini yake tabaka la kahawia, kisha jeusi lenye makaa na magamba ya chaza, na mwisho mchanga mwekundu wenye mawe yaliyochongwa. Ni safi kabisa, mpaka ukumbuke kwamba mtu wa karne ya 19 alichimba shimo la takataka lililopenya mpaka kwenye mchanga mwekundu. Shanga zake za kioo zikawa chini pamoja na zana za mawe, na zana za mawe alizozifukua zikatupwa juu. Ongeza mizizi ya mnazi, kaa na mchwa.

Kwa hiyo cha kutazamwa ni shimo lipi limekata tabaka lipi, na ndiyo sababu wachimbaji hutumia saa nzima kuchora ukuta wa mtaro ambao mpita njia anauona ni udongo mtupu. Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi, mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu alizikwa miaka 78,000 iliyopita, habari iliyotangazwa 2021. Mojawapo ya mambo yaliyothibitisha kwamba alizikwa kwa makusudi ni kwamba udongo uliomfunika ulitofautiana na ule wa pembeni. Kulikuwa na shimo, na mtu alilichimba.

“Wanafukua makaburi.”

Kaburi la Kiislamu hujulikana kabla mfupa haujaonekana. Mombasa kibla chetu kiko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo shimo la kaburi hulala mashariki-magharibi, na maiti huwekwa kwa ubavu wa kulia, uso kaskazini. Doa refu jembamba lenye mwelekeo huo likitokea mtaroni, mchimbaji makini huacha kukwangua na kuita. Imamu na wazee wa mahali huhusishwa, na mara nyingi linafukiwa na mtaro kuhamishwa. Vivyo hivyo kwa mizimu na misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda. Ndiyo maana kazi iliyopangwa vizuri huanza kwa kukaa na wazee, wiki kadhaa kabla ya kamba ya kwanza kufungwa.

“Hawakukuta kitu, basi tumemaliza.”

Mitaro ya majaribio hufungua sehemu ndogo tu ya ardhi. Uingereza kiwango cha kawaida ni kati ya asilimia 2 na 5. Kwa ekari moja, mitaro mitatu yenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 1.8 ni asilimia 4. Asilimia 96 haijaguswa, na kaburi moja au kisima kimoja kinaweza kukaa katikati ya mitaro miwili bila kuonekana na yeyote.

Basi ripoti ikisema hakuna kitu, msimamizi wa ujenzi bado anawajibika kuwaambia mafundi wake wafanye nini jembe likigonga kitu. Wasimamishe kazi mahali hapo, wasikiondoe, wapige picha kikiwa pale pale, kisha taarifa ifike Makavazi ya Kitaifa, ambao Mombasa ofisi zao ziko Fort Jesus. Sheria inampa aliyekipata siku 7.