Kabla hujamtumia mwenzako ratiba yako ya mazoezi

Malalamiko yanayofika kitengo chetu cha tiba ya michezo yamebadilika sura. Zamani aliyeumia jimu alikuja akilaumu mashine. Siku hizi anakuja na simu mkononi, anatuonyesha ratiba aliyotumiwa na rafiki: skwati seti tano, benchi seti tano, mabega, mikono, na chini kabisa neno moja, "Komaa." Kampeni yetu ya awamu hii inahusu ratiba hizo.

Hatuna ugomvi na kugawana ratiba. Aliyeona mwili wake ukibadilika akataka na mwenzake afaidike ana nia njema. Kasoro ni kwamba anachotuma ni nusu ya ratiba, na nusu ile nyingine ndiyo inayomlinda mtu. "Kilo 80, marudio 8" haimsaidii mpokeaji asiyejua kama rudio la nane lilikuwa la kufa na kupona au mtumaji alibakiwa na nguvu za marudio mengine matatu. Alipumzika dakika ngapi kati ya seti? Alianza na kilo ngapi, na ilimchukua muda gani kufika 80? Ana jeraha la zamani la goti linalomfanya akwepe zoezi fulani? Ukiandika hayo, umetuma ratiba. Usipoyaandika, umetuma namba tu.

Mpokeaji naye ana wajibu. Chukua mpangilio wa mazoezi, acha kilo za mwenzako. Anza na uzito unaokuachia marudio mawili au matatu ya akiba, na wiki ya kwanza fanya seti chache kuliko zilizoandikwa. Mwongozo wa Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani wa 2009 unashauri kuongeza uzito kwa asilimia 2 hadi 10 pale unapoweza kuzidisha rudio moja au mawili juu ya lengo lako. Wanaotaka kuruka kilo 20 kwa wiki wakumbuke kwamba kano hukomaa polepole kuliko misuli. Msuli unaweza kuwa tayari huku kano bado.

Tunasisitiza hili kwa sababu ya rabdomiolisisi, yaani kuvunjika kwa seli za misuli kiasi cha kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu na kuzielemea figo. Mara nyingi humpata mtu mwenye bidii: mgeni aliyefuata ratiba ya mzoefu, au mzoefu aliyerudi baada ya mapumziko marefu akataka kuendelea pale alipoachia. Maumivu ya kawaida huanza ndani ya siku moja, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Msuli ukivimba, mkono ukakataa kukunjuka, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kesho, usimeze dawa ya maumivu ukalala. Na tafadhali, tumechoka kusikia kwamba asiyeshindwa kushuka ngazi hakufanya mazoezi. Maumivu si kipimo cha zoezi. Jasho nalo si mafuta yanayoyeyuka. Ni maji, yatarudi ukinywa.

Kupasha mwili moto, viatu na kurudisha vyuma mahali pake tunaamini kila mtu anajua, hatutavirudia. Tutataja mawili tu. Ukifanya benchi (kulala chali na kusukuma chuma juu ya kifua) peke yako, weka nondo za usalama, zile za kukidaka chuma kikikushinda, chini kidogo ya usawa wa kifua na zungusha dole gumba kwenye chuma. Pili, usivue sahani zote za uzito za upande mmoja chuma kikiwa bado kwenye stendi. Upande wa pili utakipindua, na aliyesimama jirani ndiye atakayeumia. Wenye shinikizo la damu waongee na daktari kabla ya kunyanyua vizito, na wasizibe pumzi wakati wa kusukuma.

Sasa tuje kwenye mstari wa mwisho wa ratiba nyingi tunazoonyeshwa: majina ya vidonge na sindano. Hapa suala linatoka kwenye ushauri na kuingia kwenye adhabu. Kwa Kanuni ya Dunia ya Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli iliyoanza kutumika 2021, mchezaji anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama alipewa na rafiki. Steroidi za kujenga misuli zikikutwa, adhabu ya kuanzia ni kufungiwa miaka minne, isipokuwa mchezaji athibitishe kwamba hakukusudia. Anayemdunga mchezaji au kumuuzia huanzia miaka minne na anaweza kufungiwa maisha. Kufungiwa si kukosa mashindano tu: mchezaji hafanyi mazoezi na timu wala hatumii vifaa vya klabu, na ruhusa ya kurejea mazoezini huja katika miezi miwili ya mwisho au robo ya mwisho ya adhabu, kutegemea kipi ni kifupi. Mwenye ugonjwa unaohitaji dawa iliyokatazwa huomba kibali cha matumizi ya tiba, na kwa kawaida hukiomba kabla ya kuitumia. Orodha ya dawa hizo hutolewa upya kila mwaka na huanza kutumika Januari 1, kwa hiyo orodha ya mwaka jana uliyohifadhi kwenye simu haikutetei.

"Mimi si mchezaji, nafanya kwa afya." Tunalisikia hili kila wiki. Moyo na ini havijui kama una leseni ya kushindana. Hata unga wa protini unaouzwa wazi unaweza kuwa umechanganyika na kitu kisichoandikwa kwenye lebo.

Ukiumia, mwambie msimamizi wa jimu aandike tukio kwenye daftari kabla hujaondoka: saa, zoezi, uzito, seti ya ngapi, na jina la aliyeona. Mashine iliyohusika isitumike hadi ikaguliwe. Ukienda hospitali, nenda na ujumbe wa ratiba kama ulivyotumwa, pamoja na makopo ya kila ulichomeza, yakiwemo yaliyokwisha. Na wewe uliyetuma ratiba, usiufute ujumbe huo kwa aibu. Hakuna anayekuja kukukamata kwa seti tano za skwati. Daktari anataka kujua zilikuwa na kilo ngapi.