Pasha si jina la ukoo

Juzi nimemsikia tena mtu, tena msomi, akizungumza historia ya Uturuki na kusema "Bwana Pasha na nduguye", kana kwamba majenerali wa Kituruki İsmet Pasha na Kazım Pasha walizaliwa nyumba moja. Nimelisikia kosa hili mara nyingi mno.

Pasha ni cheo. Dola ya Uthmaniya, iliyoitangulia Uturuki ya leo, iliwapa cheo hicho majenerali, magavana na mawaziri wakubwa, nacho hufuata jina, hakitangulii. Asili ya neno ina mabishano: wapo wanaolitoa kwenye baş, yaani kichwa kwa Kituruki, na wapo wanaolirudisha kwa padishah la Kiajemi. Waarabu, wasio na herufi P, husema basha. Cheo cha chini yake, efendi, sisi tunakitamka kila siku: ndiye "afande" wetu wa kambini na kituoni. Nani amewahi kusikia ukoo wa Afande?

Anayewachanganya wengi ni Kazım Karabekir, ndiye huyo Kazım Pasha, aliyezaliwa Istanbul mwaka 1882. Baba yake, Mehmed Emin, alikuwa Pasha, na yeye akaja kuwa Pasha, basi watu hudhani alirithi. Hakurithi. Baba alifariki mwana akiwa bado mtoto, na mwana akasoma, akapigana, akaitwa Kazım Bey (bey ni cheo kilicho chini ya pasha) miaka yote hiyo mpaka 1918 alipopandishwa kuwa jenerali. Cheo cha baba kilikwenda na baba kaburini.

Mwaka 1919 alikuwa kamanda huko Erzurum, mashariki mwa Uturuki. Serikali ya Sultani ilimwamuru amkamate Mustafa Kemal, yaani Atatürk, rais wa kwanza wa Uturuki baadaye, ambaye alikuwa amejiuzulu jeshi. Karabekir alikataa, akajiweka chini ya amri yake. Mwaka uliofuata aliuteka mji wa Kars. Kisha siasa: Novemba 1924 aliongoza chama cha upinzani, Chama cha Jamhuri cha Maendeleo, kilichofungwa mwaka 1925. Mwaka 1926 alishtakiwa katika kesi ya njama ya kumuua Mustafa Kemal, akaachiwa huru.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mwaka 1934 Uturuki ilimtaka kila raia awe na jina la ukoo, na mwaka huohuo sheria nyingine ikafuta pasha, bey na efendi. İsmet Pasha akawa İsmet İnönü, kwa jina la mahali alipopigana mwaka 1921. Kama Pasha lingekuwa jina la ukoo, angehitaji jingine la nini? Karabekir alirudi bungeni mwaka 1939, akawa Spika kuanzia 1946 hadi alipofariki Januari 1948. Kisheria hakuwa tena Pasha, ingawa mpaka leo Waturuki humwita jenerali "paşam", yaani pasha wangu, kwa heshima.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimtaja wa Erzurum, sema Kazım Karabekir Pasha. Ukimtaja Spika, Kazım Karabekir yatosha. Na ukitaka kufupisha, bakiza Karabekir, uache Pasha.