Elimu kwa umma: tahajudi ya moyo, kuusikiliza mwili na kadi ya kliniki

Tangu vikundi vya mazoezi ya jioni vilipoanza kufundisha tahajudi ya moyo mitaani, yaani zoezi la kutuliza pumzi huku umakini ukielekezwa kifuani, kliniki yetu ya shinikizo la damu imekuwa ikipokea wateja wa aina mbili: wanaokuja kuuliza kama zoezi hilo linawafaa, na wanaokuja wakiwa wameshaacha dawa kwa sababu wameambiwa kwamba zoezi linatosha. Wa kwanza tunawashukuru. Wa pili ndio waliotufanya tuandike, hasa wakati huu ambapo maandalizi ya Siku ya Moyo Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 29 Septemba, yanaleta watu wengi kupima.

Zoezi lenyewe halina ugumu. Mtu huketi, akaweka kiganja katikati ya kifua juu ya mfupa wa kidari, akavuta pumzi kwa pua kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, hivyo kwa dakika moja anapata takriban pumzi sita badala ya zile kumi na mbili au zaidi alizozoea. Mapigo ya moyo huongezeka kidogo tunapovuta pumzi na kupungua tunapoitoa, kwa kazi ya neva ya vegasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Kwa hiyo pumzi ndefu ya kutoa huupa moyo nafasi ya kupungua kasi. Pumzi ikishatulia, wengi hufundishwa kumkumbuka mtu aliyewatendea wema na kubaki na kumbukumbu hiyo hapo kifuani. Akili itatangatanga, hata ya mwalimu wao, na kazi yote ni kuirudisha. Anayesema ameshindwa kwa sababu hakuweza kufuta mawazo alikuwa anajaribu jambo ambalo hakuna aliyemwagiza.

Sehemu ya pili ya zoezi, yaani kuusikiliza mwili ili kugundua ulipokaza, ndiyo tunayoithamini zaidi kliniki, na lugha yetu ilikwisha kuitambua zamani. Anayesema roho yake iko juu anaeleza pumzi fupi iliyoishia kooni, na anayesema ana tumbo joto anatoa taarifa ya mwili kabla hajajua anaogopa nini. Tatizo ni kwamba tunayasema maneno hayo tukiwa tumeshachelewa, wakati taya limekazwa tangu asubuhi na mabega yamepanda hadi karibu na masikio.

Mwalimu mstaafu mmoja alifika kwetu kwa bodaboda, akaketi moja kwa moja kwenye kiti cha kupimia, na mashine ikasoma 172/100. Mkono wake wa pili ulikuwa umeung'ang'ania mkoba kama anayehofia kuporwa. Nilimwomba aniambie ulimi wake uko wapi. Alishangaa, kisha akagundua kwamba ameubana kwenye kaakaa, na alipouachia, vidole navyo vikaachia mkoba. Baada ya dakika tano za pumzi za polepole alisoma 154/92. Akafurahi sana, akasema, "Basi mwanangu, nipunguzie vidonge." Ilinibidi nimweleze kwamba 154/92 bado ni presha ya juu, na kwamba kilichoshuka kilikuwa haraka ya safari wala si ugonjwa.

Hapa nieleze utaratibu wa kupima, kwa kuwa wengi wanaolalamika kwamba mashine zetu zinadanganya hawaufuati. Mteja anatakiwa kuwa hajanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa angalau nusu saa, awe amekwenda haja ndogo, akae kimya kwa dakika tano huku mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziwe sakafuni bila kukunja nne, mkono uwe wazi bila sweta na uegemezwe usawa wa moyo. Vipimo huchukuliwa viwili au zaidi, vikipishana dakika moja au mbili. Kuzungumza wakati wa kupima hupandisha namba, na hilo linahusu simu pia, hata kama aliyepiga ni mkwe.

Nyumbani na njiani hakuhitajiki mkeka wala muziki. Anayeosha vyombo aangalie kama anakishika kijiko kwa nguvu kuliko kinavyohitaji. Aliyesimama kwenye mwendokasi akishika bomba ahisi uzito unavyohama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kisha atoe pumzi moja ndefu kila kituo. Dereva asifumbe macho. Tunasikitika kwamba imebidi tuliandike hili.

Swali la kama zoezi hili ni la mashetani tumelijibu mara nyingi. Masufii wana dhikri ya moyo, na watawa wa Ukristo wa Mashariki wana sala ya moyo inayokwenda na pumzi, kila mmoja ndani ya imani yake. Hospitalini linafundishwa kama mazoezi ya mwili na umakini, kwa njia inayofanana na ile ya kupunguza msongo wa mawazo aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Mwenye shaka amwone kiongozi wake wa dini. Sisi tubaki na presha.

Kuhusu presha, msimamo wa kitaalamu ni wa tahadhari. Mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia tafiti zilizokuwapo na kusema kwamba tahajudi inaweza kufikiriwa kama nyongeza ya matibabu yaliyopo. Neno ni nyongeza. Mtu husema, "Niliacha vidonge wiki nzima na nilipopima nilikuwa sawa." Mara nyingi alikuwa akimeza amlodipini, dawa ya presha inayotoka mwilini taratibu sana, hivyo siku chache baada ya kuiacha bado inamfanyia kazi na sifa inapewa pumzi. Kwa atenololi na propranololi, dawa zinazopunguza kasi ya moyo, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kuziacha ghafla kunaweza kuufanya moyo uende mbio na kuleta maumivu makali ya kifua. Dozi hupunguzwa na daktari, kwa hatua.

Maumivu ya kifua yanayobana, yanayoelekea mkononi au kwenye taya, yakiambatana na jasho au kukosa pumzi, hayafanyiwi tahajudi. Mdomo ukienda upande au mkono ukilegea ghafla, vilevile. Mtu apelekwe hospitali muda huohuo. Aidha, wapo ambao wakifumba macho hurudiwa na matukio ya kutisha waliyopitia; hao wafungue macho, waguse ukuta au meza, wakatishe zoezi na kumwona mtoa huduma wa afya ya akili. Na yule anayepima mapigo yake mara ishirini kwa siku aelewe kwamba huko si kuusikiliza mwili, ni kuuhoji.

Kwa wanaofundisha: kuongoza watu katika pumzi si kosa. Lakini anayedai kutibu presha, akauza mchanganyiko wa mitishamba baada ya kipindi au kumwelekeza mgonjwa aache dawa, ameingia katika shughuli inayosimamiwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya Tanzania, Na. 23 ya mwaka 2002, inayotaka mtoa huduma asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa. Kliniki yetu haijatoa barua ya utambulisho kwa kikundi chochote, hivyo atakayeonyeshwa barua hiyo atuletee nakala.

Mteja aliyekwisha kuacha dawa asijifiche na asianze tena kwa kukisia dozi. Aje na kadi yake ya kliniki, pamoja na pakiti zote hata zile tupu, kwa kuwa jina la dawa na miligramu tunavisoma hapo na si kwenye maelezo ya "kale kadogo keupe". Aliyepoteza kadi aanzie dirisha la mapokezi ili faili lake litafutwe kwanza, na afike mapema, kwa sababu ataketi dakika tano kabla hatujamvalisha mkanda wa kupimia, na muda huo haupunguzwi hata foleni ikifika getini.