Kiashiria cha kibayolojia katika saratani ya damu ni nini?

Siku lukemia, aina ya saratani ya damu, inapogunduliwa, mwili unaweza kuwa na seli za saratani zipatazo trilioni 1. Dawa ikizipunguza zikabaki bilioni chache, hadubini huenda isione hata moja, na mgonjwa akajihisi amepona. Hapo ndipo kiashiria cha kibayolojia kinapohitajika: kitu kinachopimika mwilini, kama protini au jeni, ambacho hupanda na kushuka pamoja na ugonjwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni lukemia sugu ya mieloidi, aina ya lukemia inayokua polepole. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu (uzi unaobeba jeni ndani ya seli) fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha ilikotoka: kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Mahali vilipoungana huzaliwa jeni iitwayo BCR-ABL1. Protini yake ndiyo inayoichochea saratani, na ndiyo inayozuiwa na dawa ya imatinibu. Basi maabara ikihesabu nakala za jeni hiyo katika damu, inahesabu chanzo chenyewe cha ugonjwa. Bahati hiyo ni nadra sana.

Kipimo hurudiwa kila baada ya miezi 3, kwa kiwango cha kimataifa ili majibu ya maabara mbalimbali yalingane. Ambapo asilimia 100 ni kiwango cha msingi cha kabla ya matibabu, matarajio ni asilimia 10 au chini ifikapo mwezi wa 3, na asilimia 0.1 au chini ndani ya mwaka. Anayekaa chini kabisa kwa miaka anaweza, chini ya uangalizi, kujaribu kuacha dawa. Karibu nusu yao jeni hupanda tena, wengi ndani ya miezi 6, kwa hiyo hupimwa mara kwa mara. Wakirudia dawa, karibu wote hutulia.

Kwa mieloma, saratani ya seli za damu zinazotengeneza kingamwili, hupimwa protini ya M, ambayo seli hizo huitoa. Kwa limfoma, saratani ya seli za limfu, hupimwa kimeng'enya cha LDH, ila hicho hupandishwa hata na maambukizi, kwa hiyo peke yake ni shahidi dhaifu.

Na namba moja iliyopanda kidogo, kwa kiashiria chochote, isichukuliwe kuwa hukumu. Kwa lukemia sugu ya mieloidi, swali la kwanza ni kama vidonge vimemezwa kila siku. Kisha kipimo hurudiwa, na kikiendelea kupanda, jeni huchunguzwa kama imebadilika kiasi cha kuishinda dawa.